Kifafa sugu, au dawa ndiyo haijafika?

Najua kibaraza kimeota majani, karibu wiki tatu sijaandika kitu. Mnajua wenyewe mambo ya mwisho wa muhula, asaimenti zinagongana, na umeme wa hosteli nao unakuja na kuondoka kama mgeni asiyeaga (huku gesi inachimbwa hapo Mnazi Bay, lakini hiyo mada ya siku nyingine). Leo nimerudi kwa sababu nimechoka kubishana kwenye kundi la Wasap kwa kidole gumba. Bora niweke hoja yangu yote hapa, na anayetaka kunirushia mawe arushe akiwa ameisoma mpaka mwisho.

Kisa chenyewe, kwa wale wasio darasani kwetu, ni hiki. Mwenzetu mmoja ana mdogo wake, kijana wa miaka 16, anaishi kijiji kimoja kule mbele ya Kilambo, upande ambao Mto Ruvuma unakaribia kuingia baharini. Anaanguka kifafa tangu mdogo. Juzi mtu akarusha video kundini: dada mmoja wa Marekani amewekewa kifaa cha umeme kichwani, zamani alikuwa anaanguka kila wiki, sasa yuko kazini anacheka na wenzake. Video ya dakika mbili tu. Kufika usiku tayari tuna mweka hazina! Kila mtu elfu ishirini bumu likitoka, tuanze safari ya kumpeleka kijana India akawekewe "betri ya ubongo". Mimi nikauliza maswali mawili matatu, nikaitwa mchoyo. Haya.

Nianze na hicho kifaa, maana wapo pia waliosema ni uongo wa intaneti. Si uongo jamani. Ubongo wenyewe unafanya kazi kwa umeme, umeme mdogo mno. Mjerumani mmoja, Hans Berger, aliurekodi umeme wa ubongo wa binadamu kwa mara ya kwanza mwaka 1924, na kipimo hicho ndicho mpaka leo madaktari wanakitumia kuangalia kifafa. Fikiria uwanja wa Nangwanda Sijaona siku ya mechi. Watu maelfu, kila mmoja anaongea na jirani yake, huyu ananunua karanga, yule anamtukana refa. Ni kelele, lakini kila mtu anafanya lake. Ghafla goli! Uwanja mzima unapiga ukelele mmoja kwa wakati mmoja, na hakuna anayesikia la mwenzake. Kifafa kinapopanda, seli za ubongo zinafanya hivyo: zinafyatua umeme kwa pamoja, kazi nyingine zinasimama, mtu anaanguka, anakakamaa, anatupa mikono na miguu. Hapo hakuna jini wala pepo.

Sasa wazo la hivi vifaa ni kupeleka umeme mdogo wa kuuvuruga huo ukelele, au kuuzuia usianze. Viko vya namna tatu ambavyo vimezoeleka. Cha kwanza hakigusi hata ubongo moja kwa moja. Kidude kidogo kinawekwa chini ya ngozi ya kifua upande wa kushoto, waya unapanda shingoni na kuzungushiwa neva inayoitwa vagasi, ambayo inapanda mpaka kwenye shina la ubongo. Kwa kawaida kinapiga sekunde 30, kinapumzika dakika kama tano, usiku na mchana. Mtu wa kwanza aliwekewa Marekani mwaka 1988, na mwaka 1997 mamlaka ya dawa ya huko ikakiruhusu rasmi. Mgonjwa anapewa na sumaku: akihisi kifafa kinakuja anaipitisha juu ya kifua, kidude kinapiga mara ya ziada. Sauti inaweza kukwaruza wakati kinapiga, wengine wanakohoa.

Cha pili kinaingia ndani kabisa, nyaya mbili zinashushwa mpaka katikati ya ubongo, sehemu inaitwa thalamasi, na betri inakaa kifuani. Cha tatu, kilichoruhusiwa Marekani mwaka 2013, kinapachikwa kwenye fuvu lenyewe. Hiki ndicho kinachonishangaza mimi, kwa sababu kinasikiliza. Kinasoma umeme wa ubongo muda wote, kikiona dalili za ukelele kinapiga pale pale. Nadhani dada wa kwenye video anacho hiki cha tatu.

Mpaka hapo tuko pamoja. Lakini video ya dakika mbili haina muda wa kutaja namba. Utafiti mkubwa wa kifaa cha pili, uliochapishwa mwaka 2010, ulikuwa na watu 110. Wote walifanyiwa upasuaji, halafu nusu wakawashiwa umeme na nusu wakaachwa umezimwa bila kujua. Mwisho wa miezi mitatu ya majaribio, waliowashiwa kifafa kilikuwa kimepungua kwa asilimia 40 hivi. Baada ya miaka miwili, wote wakiwa wamewashiwa, kupungua kulifika asilimia 56. Ni hatua kubwa kwa mtu aliyekuwa anaanguka kila siku, mimi siibezi. Ila soma vizuri: KUPUNGUA. Waliokaa angalau miezi sita bila kuanguka kabisa walikuwa 14 kati ya wale 110. Kile cha shingoni nacho ni hivyo hivyo, karibu nusu ya wagonjwa wanapata nafuu ya nusu au zaidi, wanaopona kabisa ni wachache, na karibu wote wanaendelea kumeza vidonge. Nimerudia hili kundini mara tatu: kifaa hakiondoi vidonge.

Kuna kitu kingine kwenye ule utafiti ambacho kilinifanya nikae chini. Wale ambao umeme wao ulikuwa umezimwa, nao kifafa kilipungua kwa asilimia 14 na ushee. Umeme umezimwa! Kifafa chenyewe kinapanda na kushuka, na mtu huenda kutafuta tiba wakati kimepanda sana. Kwa hiyo chochote utakachomfanyia siku hiyo, kuna uwezekano mwezi ujao atakuwa na nafuu kidogo, na wewe utapata sifa. Nikawaza waganga wetu wa huku. Bibi mmoja kule kijijini (shikamoo bibi, najua hutasoma hapa) aliniapia kwamba mjukuu wake alipopelekwa kwa mganga alikaa wiki tano bila kuanguka. Ninaamini kabisa kwamba alikaa wiki tano. Bibi hadanganyi, ila wiki tano zenyewe hazikutuambia kilichomsaidia ni nini.

Sasa nirudi kwa kijana wetu, na hapa ndipo nilipoitwa mchoyo. Kila mtu kundini anasema ana "kifafa sugu". Nani kasema ni sugu? Neno hilo lina maana yake. Chama cha kimataifa cha wataalamu wa kifafa kiliweka maelezo yake mwaka 2010: kifafa ni sugu pale ambapo mgonjwa ametumia dawa mbili zilizochaguliwa sawasawa, kwa kiwango sawasawa, akazimeza kweli, na bado anaanguka. Dawa mbili. Nikamuuliza mwenzetu, mdogo wako anatumia dawa gani? Fenobabitali. Nyingine? Hakuna. Anameza kila siku? Ikiwepo zahanati anameza, ikiisha anasubiri, mara wiki mbili, mara miezi miwili. Kiwango? Kile kile alichoandikiwa akiwa darasa la pili.

Wadau, kiwango cha mtoto wa darasa la pili kwa kijana wa miaka 16 mwenye mabega ya kuvuta nyavu! Na hiyo ya kuacha na kuanza ni hatari kuliko mnavyofikiri, kwa sababu fenobabitali ikikatwa ghafla yenyewe inaweza kuamsha kifafa kikali, kile kinachopanda mfululizo bila mtu kuzinduka, na hicho kinaua. Kwa hiyo kijana huyu ubongo wake hatujaujaribu bado. Tulichojaribu ni barabara ya kutoka zahanati hadi kwao, na ndiyo iliyoshindwa.

Mtasema hiyo ni nadharia yangu ya chumbani. Hapana, nchi hii ina ushahidi wake, tena wa miaka mingi, na ningependa tuujue sisi kabla ya kujua ya Marekani. Kule Mahenge, wilaya ya Ulanga, daktari mmoja mzaliwa wa Norway, Louise Jilek-Aall, alikuta miaka ya mwisho wa ukoloni watu wengi wenye kifafa. Wametengwa, wanakula peke yao, wengine wana makovu ya moto kwa sababu wakiangukia jikoni watu wanaogopa kuwagusa. Akafungua kliniki. Dawa yake kubwa ilikuwa hiyo hiyo fenobabitali, ambayo Mjerumani Alfred Hauptmann aligundua mwaka 1912 kwamba inatuliza kifafa. Mwaka 1992 yeye na daktari Mtanzania, Rwiza, wakachapisha habari za wagonjwa 164 waliofuatiliwa miaka 30. Zaidi ya nusu yao, kifafa kilikuwa kimezimika kabisa walipokuwa kwenye dawa, na wengine wengi kilipungua. Kwa dawa ya mwaka 1912, kijijini, bila betri!

Lakini habari haikuishia hapo. Katika ile miaka 30, kama theluthi mbili ya wale wagonjwa walikufa, wengi wao kwa mambo ya kifafa chenyewe: kuanguka mfululizo, maji, moto. Mimi nikisoma "maji" naona Ruvuma. Sisi wa huku tunajua watoto wanaochota maji mtoni kwenye mamba na viboko, tunajua vijana wanaovua kwenye mikoko maji yakijaa. Huyo mdogo wa mwenzetu alishatolewa majini mara moja na wenzake wa mtumbwi, wakamvuta kwa shati.

Na si kwamba hawa watu ni wachache wa kuhesabu kwa vidole. Huyo huyo Rwiza na wenzake walipita vijiji 11 vya Ulanga, watu zaidi ya 18,000, wakakuta kama 10 katika kila 1,000 wana kifafa. Ulanga kuna sababu zake, siku hizi watafiti wanakihusisha sana kifafa cha Mahenge na minyoo ya usubi, ule ugonjwa wa upofu unaoletwa na visubi wa mito iendayo kasi. Huku pwani ukiwauliza wazee watakuambia habari ya degedege. Malaria ikipanda kichwani kwa mtoto mdogo inaleta degedege, na wengine wakishapona malaria inabaki alama kwenye ubongo, baadaye anaanza kuanguka bila homa. Utafiti wa Bagamoyo uliochapishwa mwaka 1996 ulionyesha jinsi degedege linavyopelekwa kwanza kwa mganga, watu wakihofia sindano. Kwa hiyo hata chandarua ni kinga ya kifafa, ukitaka kukitazama hivyo.

Mwenzangu wa chumba, ambaye ni mtu wa hoja kweli kweli, alinibana hapa. Alisema: "Yaani wewe unataka maskini wabaki na dawa ya mwaka 1912, matajiri wawe na mashine zinazosikiliza ubongo?" Nilikaa kimya muda mrefu, kwa sababu ni swali la haki. Jibu langu ni kwamba kweli kuna watu ambao dawa haziwawezi. Kwa makadirio ya dunia, hadi asilimia 70 ya wenye kifafa wanaweza kuishi bila kuanguka wakipata dawa sahihi, maana yake karibu theluthi moja wanabaki. Theluthi hiyo iko Mtwara pia, na wana haki ya kila kitu ambacho sayansi imegundua, mimi sitaki mtu awaambie wameze tu na kushukuru Mungu. Swali ni utawajuaje. Katika kijiji ambacho dawa inakuja na kuondoka, aliye sugu kweli na ambaye hajawahi kupata dose yake wanaanguka sawasawa, wanaungua sawasawa, na wote wanaitwa sugu. Huwezi kumwona yule wa kwanza mpaka umemtibu wa pili. Ngazi hii haina lifti.

Na hata ukishamwona, kifaa hakiwi cha kwanza. Anapimwa umeme wa ubongo na picha ya MRI, vitu ambavyo Muhimbili vipo. Wengine huonekana kumbe si kifafa kabisa, ni moyo au ni msongo wa mawazo, na vidonge vyote vilikuwa bure. Wengine chanzo kinaonekana ni sehemu moja tu ya ubongo, huyo anaweza kupasuliwa ikaondolewa, na kwa mgonjwa anayefaa upasuaji huo una nafasi kubwa ya kukizima kifafa kabisa kuliko vifaa vyote vitatu. Majirani zetu Uganda, hospitali ya CURE pale Mbale, walishafanya upasuaji wa namna hiyo tangu miaka ya 2000. Mbale, si Boston. Kifaa cha umeme ni kwa wale waliobaki baada ya hapo.

Halafu fikirini huduma ya baada. Kile kidude kinahitaji daktari mwenye kompyuta yake ya kukipandisha nguvu kidogo kidogo, miezi na miezi. Betri ikiisha baada ya miaka kadhaa, unapasuliwa tena kubadilishiwa. Kutoka hapa hadi Dar ni kama kilomita 560. Tumpeleke kijana India kwa mchango wa bumu, arudi kijijini kwao, nani atampandishia? Nani atambadilishia betri akiwa na miaka 24 na sisi tumetawanyika, mmoja yuko Katavi anafundisha, mwingine bado anatafuta ajira? Bei yenyewe, kifaa na upasuaji kule Marekani, ni makumi ya maelfu ya dola. Hata India iwe nafuu mara kadhaa, elfu ishirini zetu haziioni. Wakati Shirika la Afya Duniani linasema dawa za kifafa za mwaka mzima zinaweza kupatikana kwa dola 5 kwa mtu mmoja. Dola tano!

Kuna kitu cha mwisho, kinatuhusu sisi wa elimu moja kwa moja. Nilipokuwa BTP, shule moja ya upande huo huo wa mtoni, nilikuwa na mwanafunzi wa kike anayekaa dawati la mwisho karibu na mlango, peke yake, wengine wamebanana wanne wanne. Nikauliza, nikaambiwa "yule ana lile gonjwa, povu lake linaambukiza". Waliosema ni walimu, tena mmoja wa baiolojia. Wiki ya tatu alianguka kipindi changu. Darasa lilikimbia lote, mwenzangu wa fildi akaja na kijiko amtie mdomoni. Tulimgeuza ubavu, tukatoa madawati, tukaangalia saa: dakika mbili na nusu. Hakuna cha kijiko, hakuna cha kumbana mikono, na ikizidi dakika tano ndipo unakimbia hospitali. Alipozinduka hakuwa na jeraha hata moja, alikuwa analia kwa aibu tu. Wiki iliyofuata mama yake aliambiwa amtunze nyumbani "mpaka apone". Sijui ni kozi gani hapa chuoni inatufundisha hilo, mimi sijaiona, na nimeshasoma falsafa ya elimu mihula miwili.

Mwaka 2022 nchi wanachama wa Shirika la Afya Duniani zilipitisha mpango wa kifafa mpaka mwaka 2031. Malengo yake wameyaandika kwa namba: asilimia 90 ya wenye kifafa wajue kwamba ni ugonjwa wa ubongo unaotibika, asilimia 80 wapate dawa, asilimia 70 ya watu wazima walio kwenye dawa wasianguke. Angalieni mpangilio. Hiyo 90 ya kwanza ni kazi ya mwalimu kabla ya daktari.

Basi pendekezo langu, ambalo nitalisema Jumamosi kwenye kikao chini ya mwembe. Mchango uendelee, tena mimi natoa elfu ishirini yangu bila kusukumwa. Ila pesa zifanye hivi: nauli ya kijana na mama yake kuja mjini, aonwe hospitali ya rufaa, apimwe uzito na kupangiwa dose ya mtu wa miaka 16. Wakisema aende Muhimbili kwa vipimo, tunamlipia basi na pa kulala. Tununue akiba ya dawa ya mwaka, ikae kwa dada yake hapa hosteli, awe anaituma kila mwezi kwa gari za Kilambo, zahanati ikiwa nayo au ikiwa haina. Daftari la mistari moja, mama aandike kila anapoanguka, tarehe na dakika. Baada ya mwaka, kama amemeza kila siku na dawa mbili zimeshindwa, nitakuwa wa kwanza kushika bakuli la mchango wa hicho kifaa, na huyo daktari tutakayemwendea tutampelekea daftari mkononi.

Daftari nimeshanunua. Mwenye ndugu anayeendesha gari za Kilambo aniandikie hapa chini, tujue mzigo mdogo wanabeba kwa shilingi ngapi.